Kuku Asiyechomwa Sindano

Kuku hashikwi kwa miguu. Naanza hapo kwa sababu vijana wengi waliletwa kwangu kujifunza kazi ya maabara, na sikupata hata mmoja aliyekuja akilijua hilo, ingawa wote walikuwa wamekula kuku tangu utotoni. Ukimwinua kwa miguu huku kichwa kinaning'inia, moyo wake utakwenda mbio, mshipa wa bawa utajificha, nawe utachoma mara tatu mahali palipotosha mara moja. Mpakate kama mtoto. Mfunike macho kwa kiganja. Lilaze bawa, nyonyoa vile vinyoya vidogo karibu na kiwiko, pangusa kwa spiriti, na mshipa utauona, wa bluu, kama uzi chini ya karatasi. Ingiza sindano polepole. Vuta polepole zaidi.

Ujuzi huo si wangu. Alinipa Mzee Rajabu, mtunza wanyama wa maabara ya mifugo niliyoajiriwa pale Nyeri, miaka ya themanini. Mimi nilikuwa nimetoka Ukambani na cheti kipya na koti jeupe lililopigwa pasi. Yeye alikuwa mtu wa Majengo, nyumba yake haikuwa mbali na msikiti, na hakuwa na cheti chochote. Siku yangu ya kwanza nilitoa damu ya sungura vizuri kabisa, kisha nikaitikisa chupa kwa nguvu ili ichanganyike na dawa ya kuzuia isigande.

"Wewe Mkamba," akasema Mzee Rajabu, "hiyo ni damu au soda?"

"Naichanganya, Mzee."

"Umeivunja. Iache itulie uone."

Ilipotulia, maji yaliyobaki juu hayakuwa ya manjano kama yalivyopaswa. Yalikuwa mekundu kama juisi. Chembe za damu zilikuwa zimepasuka zote, na sungura alikuwa ametolewa damu bure. Mzee Rajabu hakunigombeza. Alinipa chupa tupu na kunionyesha jinsi ya kuigeuza chini juu, taratibu, kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Tangu siku hiyo nimegeuza maelfu ya chupa, na mkono wangu bado unafanya hivyo hata nikishika chupa ya mafuta ya kupikia. Mke wangu hucheka.

Mnaponitembelea mnapenda kuniuliza habari za ile kazi ya Daktari Wangechi, kwa sababu mmesikia kwamba tulijaribu kuchanja kuku bila virusi. Nitawaeleza. Ni jambo rahisi likielezwa na mtu asiye na haraka.

Daktari Wangechi ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na wazo moja kichwani. Ugonjwa wa kideri ulikuwa unamaliza kuku wa watu kila mwaka. Leo kijiji kina majogoo wa kuamsha watu, wiki ijayo kimya. Chanjo ilikuwepo, ya kutiwa tone moja jichoni, lakini ndani yake mlikuwa na virusi hai vilivyo vipole, na virusi hai hutaka baridi njia nzima, kutoka kwenye friji ya kiwandani hadi kwa mama wa mwisho mlimani. Baridi ikikatika, unatia maji matupu. Yeye aliuliza: je, mwili unaweza kufundishwa kumtambua adui bila kuonyeshwa adui mwenyewe?

Alituchorea ubaoni. Virusi vikiingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili, vitu vidogo sana vyenye umbo la kukamata virusi hivyo na si vingine. Sasa ukizichukua kingamwili hizo kutoka kwa sungura ukamchoma nazo mbuzi, mwili wa mbuzi utaziona kama wageni, nao utatengeneza kingamwili za kuzikamata kingamwili za sungura. Baadhi ya hizo za mbuzi zitaingia palepale ambapo virusi huingia. Kwa hiyo zitakuwa na umbo linalofanana na la virusi, bila kuwa virusi. Mchome kuku hizo za mbuzi.

Niliandika yote daftarini na sikuelewa hata mstari mmoja. Mzee Rajabu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya majani ya sungura.

"Daktari, naweza kusema?"

"Sema, Mzee."

"Huyo mdudu wa kideri ni mguu."

"Ehe."

"Sungura ameuona mguu, akashona kiatu cha kuuenea. Mbuzi yeye humpi mguu. Unampa kiatu kitupu. Naye anakijaza ndani mpaka anapata umbo la mguu ambao hajawahi kuuona. Anatoa kalibu, ule mguu wa mti wa fundi viatu."

"Ndiyo," Daktari akasema, polepole.

"Kuku unampa kalibu. Anashona kiatu juu yake. Siku mwenye mguu akija, kiatu kiko tayari kinamngoja."

Daktari aliweka chaki chini. "Mimi nilihitaji miaka miwili kulielewa hilo, Mzee Rajabu."

"Wewe huna ndugu fundi viatu," akajibu, kisha akaanza kwenda kwa sungura wake. Hatua chache mbele akageuka. "Lakini mbuzi akishika soli badala ya kujaza ndani? Hapo atatoa umbo la soli, si la mguu."

"Hilo ndilo linaloninyima raha," Daktari akasema.

Ndilo lililotutesa mwaka mzima. Kingamwili nyingi za mbuzi zilishika soli, yaani zilishika sehemu za kiatu ambazo ni sawa kwa kila sungura. Tulilazimika kuziondoa kwa kuipitisha damu ya mbuzi kwenye maji ya damu ya sungura wa kawaida, mara moja, mbili, tatu, mpaka zibaki zile chache zilizojaza ndani. Kazi hiyo haina hadithi ya kusimulia. Ilikuwa kuosha, kungoja, kuosha. Nawashauri mjifunze kuipenda, maana ndiyo sehemu kubwa ya sayansi.

Sasa kuku. Tulinunua vifaranga kumi na watatu wa mama mbalimbali, tukawalea wenyewe, tukawapima tukahakikisha hakuna aliyewahi kukutana na kideri. Sita tuliwaweka banda la kwanza, karibu na geti. Hao walichomwa kalibu, kama sote tulivyokuwa tukiiita sasa, hata Daktari. Sita tuliwaweka banda la pili, ng'ambo ya uwanja. Hao walichomwa damu ya mbuzi wa kawaida, ili kama kuna tofauti tujue imeletwa na nini. Akabaki mmoja, mwenye kidole kilichopinda. Hakuwa na pete mguuni wala hakuandikwa daftarini. Mzee Rajabu alikataa achinjwe, akamtia banda la kwanza awe na wenzake. Hakuchomwa kitu.

Mzee Rajabu aliyalinda mabanda hayo kwa sheria mbili. Ya kwanza, kila banda lina gambuti zake, na hakuna anayetoka huku kwenda kule bila kubadilisha. Ya pili aliisema aliponikabidhi funguo Ijumaa moja, siku tuliyomaliza kuwachoma kuku sindano ya pili, yeye akienda kusherehekea Idi.

"Mgeni halali humu. Hata awe kuku wa askofu."

"Nimesikia, Mzee."

"Umesikia kwa sikio. Shika kwa mkono."

Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyokatika ya upande huu wa mlima. Akaja mzee mmoja kutoka Kangema, amelowa mpaka kofia, na jogoo mwekundu ndani ya kikapu. Alikuwa mkulima wa majani chai, na kila mtu alimwita Baba Njeri.

"Daktari, mimi nimekuletea jogoo yako."

"Mimi si daktari, Baba. Daktari ameenda Murang'a."

"Wewe uko na koti. Wewe ni daktari." Akakiweka kikapu mezani. "Hii ni ya asante. Majirani wangu wote walimaliza kuku, ati hata ya mbegu hawana. Watu yenu wakakuja wiki iliyopita wakatia kuku yangu dawa ya macho. Hakuna hata moja imekufa. Sasa huyu ndiye mkubwa wao, nikaona nikuje naye mwenyewe."

"Baba, hatuwezi kupokea..."

"Unataka nirudi naye Kangema?" Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. "Nimlete mpaka hapa, nimrudishe? Watu wataniuliza, hao watu wa serikali walikukataa kwa nini, ulifanya nini?"

Mliozaliwa huku mnajua. Mtu aliyevuka vilima na mvua kukushukuru humrudishi na shukrani yake kikapuni. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka kituoni, na akaondoka na kikapu chake kwa sababu alikihitaji. Nikabaki na jogoo mkononi. Stoo ilikuwa na dawa. Nje kulikuwa na mbwa wa mlinzi. Banda la kwanza lilikuwa karibu, tena lina nafasi. Nilivaa gambuti za banda hilo, sheria ya kwanza hiyo niliishika barabara, nikamtia jogoo ndani mpaka Jumatatu.

Jumatatu nilimtoa mapema. Daktari aliporudi alicheka sana, akasema zawadi ya Kangema ni ya watu wote. Mzee Rajabu alinoa kisu. Kabla ya kumchinja aliniuliza, bila kunitazama, "Huyu amelala wapi?"

"Stoo, Mzee. Ndani ya boksi."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa bado kibarua; barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa inangoja Daktari aandike neno juu yangu jaribio hili likiisha. Sikutaka neno lenyewe liwe jogoo. Tulimpika na viazi na ndizi, tukamla watu wote wa maabara, na nyama ilikuwa tamu.

Wiki tatu baadaye tulitoa damu za kuku wote kumi na wawili wenye pete, tukazipima. Nawaeleza kipimo chenyewe kwa sababu ni kizuri, na kwa sababu siku hizi mashine inawasomea. Una sahani ya plastiki yenye vishimo, mistari na mistari. Katika kila mstari unatia maji ya damu ya kuku mmoja, na katika kila kishimo kinachofuata unayapunguza nguvu kwa nusu. Unaongeza virusi vilivyouawa. Unangoja. Kisha unatia chembe nyekundu za damu. Kama virusi viko huru, vitazigandamanisha chembe hizo, nazo zitatanda chini ya kishimo kama utando. Kama kingamwili za kuku zimevikamata virusi, chembe hazina wa kuzishika, zitazama na kutulia kama doa moja jekundu katikati. Inamisha sahani, na doa la kweli litatiririka kama chozi. Msisome mapema mno, hasa Julai, baridi ya Nyeri huzichelewesha chembe kuzama. Wala msichelewe mno, maana virusi vingine huachilia vilichoshika.

Banda la pili: utando, utando, utando. Banda la kwanza: madoa. Sita kwa sita, wote mpaka kishimo cha saba.

Daktari Wangechi alikaa kwenye kiti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maabarani. "Soma tena," akaniambia. Nikasoma tena. Alhamisi alikuwa na mkutano wa wataalamu Nairobi, na alikuwa amejiandaa kueleza mipango tu. Sasa alikuwa na matokeo. Alipiga simu mbili, sauti yake ikipanda.

Mzee Rajabu alikuja na miwani yake ya kamba, akaitazama sahani muda mrefu.

"Wote sawa?"

"Wote sawa, Mzee."

"Mimi sungura wangu wawili wa tumbo moja, dawa moja, sindano moja, hawajalingana hata siku moja." Akaivua miwani. "Haya. Labda kuku wana adabu kuliko sungura."

Akaenda zake. Mimi nikabaki na neno *sawa*. Halafu, kama mtu anayekumbuka alipoacha ufunguo, nikamsikia tena Baba Njeri: *watu yenu wakatia kuku yangu dawa ya macho*. Wiki moja kabla. Virusi hai, vipole. Vipole vya kutosha kutomuua kuku, na hai vya kutosha kutoka kwenye pua ya jogoo mmoja kuingia kwenye maji ya kunywa ya wenzake.

Nilikuwa na njia moja ya kujua. Yule wa kidole kilichopinda alikuwa amekaa siku zote banda la kwanza, na hakuwahi kuchomwa sindano. Kama kalibu ndiyo iliyofanya kazi, damu yake ingekuwa utando mtupu. Nilimpakata, nikamfunika macho, nikatoa damu kidogo. Sahani ilipotulia niliinamisha. Doa likatiririka. Kishimo cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba.

Nikarudia na sahani mpya. Saba.

Nataka mwelewe hali ilivyokuwa. Jogoo tulikuwa tumemla. Kuku huyu hakuwa daftarini. Hakuna mtu duniani aliyejua alichokuwa nacho isipokuwa mimi, na kesho yake angeweza kuwa mchuzi pia. Ilikuwa Jumanne alasiri. Nilisimama na sahani mkononi, na nakiri nilifungua bomba nikiwa na nia ya kuiosha. Maji yalitoka. Nikayafunga.

Nilimkuta Daktari ofisini akibandika michoro yake kwenye karatasi kubwa, na Mzee Rajabu akimshikia upande wa pili.

"Daktari, kuna kuku wa saba."

"Yupi?"

"Wa kidole," akasema Mzee Rajabu kabla sijajibu.

Nikaiweka sahani mezani. Daktari aliitazama, akainamisha, akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. "Huyu hakuchomwa."

"Hakuchomwa."

"Umepima mara ngapi?"

"Mbili."

"Amepata wapi?"

Nikasema. Nilisema habari ya mvua, kikapu, dawa ya macho, banda. Kisha nikamgeukia Mzee Rajabu, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. "Mzee, nilikwambia alilala stoo. Nilikudanganya."

Mzee Rajabu hakuiachia ile karatasi. "Nilijua hakulala stoo," akasema. "Boksi lilikuwa halina kinyesi. Nikadhani ulimlaza chumbani kwako, ukaona haya."

Daktari alicheka, mara moja, bila furaha. Kisha akaanza kubandua michoro yake, mmoja mmoja, kwa uangalifu ili karatasi isichanike. "Baba Njeri ametushukuru kwa chanjo," akasema, "na shukrani yake imetuchanjia kuku wetu. Vizuri sana. Sindano zetu hazikufanya kitu, au zilifanya na hatuwezi kujua." Akanigeukia. "Mutuku, nenda kamwandike."

"Nani?"

"Kuku wa saba. Mwandike daftarini, na tarehe, na jogoo, na wewe."

Nikaandika. Mwandiko ule bado naukumbuka, ulikuwa mbaya. Alhamisi Daktari alienda Nairobi, akaeleza mipango tu kama ilivyokuwa mwanzo, na nasikia wenzake walimtazama kwa huruma kwa sababu alikuwa amekwisha kuwapigia simu. Barua yangu ya kuthibitishwa ilikuja baada ya miezi. Ndani yake alikuwa ameandika kwamba niliharibu jaribio moja na nikaligundua mwenyewe. Karani wa wilaya aliniuliza kama hiyo ni sifa au lawama.

Tulirudia yote. Vifaranga wapya, damu ya mbuzi iliyooshwa upya. Safari hii kila banda lilipewa kuku mmoja ambaye hatachomwa kitu, naye akaandikwa kabla ya wengine wote. Tulimwita shahidi. Baba Njeri alikuja tena siku moja, na nilimpokea getini kwa heshima zote, nikamwomba zawadi iwe ya viazi. Alishangaa kidogo, lakini alileta viazi.

Msinielewe vibaya, hatukuibadilisha dunia. Dawa ya tone la jicho bado ndiyo inayowaokoa kuku wa watu mpaka leo, na njia ile ya kalibu ilibaki kuwa nzuri zaidi vitabuni kuliko mabandani. Wengine sehemu nyingine waliijaribu kwa magonjwa mengine, na wengi walikutana na soli kama sisi.

Lakini siku ya kusoma ilifika. Ilikuwa asubuhi ya baridi, tukawasha hita ndogo, tukangoja zaidi ya kawaida. Banda la pili, utando. Banda la kwanza, kuku wanne utando. Wawili walikuwa na doa, mmoja mpaka kishimo cha tatu, mwingine mpaka cha pili tu, na hicho cha pili nilikiinamisha mara kadhaa kabla ya kukiamini. Vilikuwa vidoa vidogo, havilingani. Kuku wawili ambao hawakuwahi kukutana na kideri, wala kuku aliyekutana nacho, walikuwa wameshona kiatu.

Daktari alifungua mdomo kusema. Mzee Rajabu, aliyekuwa nyuma yetu na miwani yake ya kamba, akauliza kwanza:

"Na shahidi?"

Niliinamisha mstari wa mwisho, ule wa shahidi wa banda la kwanza. Nikangoja. Utando, kishimo kwa kishimo, hakuna kilichotiririka.

"Hana kitu, Mzee."

"Basi semeni," akasema, akaenda kuwalisha sungura.